Ugonjwa Unaojificha Nyuma ya Mdondo

Mwanzoni mwa Januari 2017 watu wanaoishi kando ya ghuba ya Lutembe, upande wa Entebbe, walianza kukuta buabua wamekufa ufukweni. Buabua hawa mabawa-meupe ni ndege wadogo wa majini wanaozaliana Ulaya ya Mashariki na Asia, na baridi ya huko inapoanza huruka kuja kumalizia mwaka kwenye maziwa yetu. Hawakuwa wawili watatu. Muda si mrefu bata na kuku wa kufugwa nao wakaanza kufa upande wa Masaka, na katikati ya mwezi huo serikali ya Uganda ikatangaza kwamba yale yalikuwa mafua makali ya ndege, aina ya H5N8.

Masaka si nchi ya mbali. Basi linalotoka Kampala kwenda Bukoba hupita hapo kabla ya kufika mpakani Mutukula, na ndege hahitaji basi. Kenya ilifunga mlango kwa kuku na mayai ya Uganda. Tanzania ilikuwa na marufuku yake ya tangu miaka kadhaa nyuma, na mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo ikaonyesha kwamba haitanii: vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya vilikamatwa Namanga na kuteketezwa kwa moto. Picha zilizunguka mitandaoni, watu wakagombana kuhusu ukatili, wanasiasa wa nchi mbili wakarushiana maneno. Vile vifaranga vilikuwa na risiti, gari na dereva, ndiyo maana vilionekana. Buabua aliyevuka ziwa usiku hakuonwa na mtu yeyote.

Tanzania haijawahi kutangaza mlipuko wa mafua makali ya ndege. Wengi wakisikia hivyo hupumua. Mimi hupenda kuuliza swali moja kabla ya kupumua: kuku wakifa leo kijijini wilayani Ngara, mkoa wa Kagera, nani atajua walikufa kwa nini?

Mwenye kuzijua wilaya za Ngara na Biharamulo anajibu swali hilo bila kufikiri: wamekufa kwa mdondo. Wengine husema kideri, ni kitu kilekile. Kiangazi kinapoelekea ukingoni ugonjwa huu huingia kijijini na kufagia banda zima, kuku ishirini jioni, watatu asubuhi ya keshokutwa. Kuku anasinzia, mabawa yanalegea, anaharisha kijani, wengine shingo inapinda. Mwenye kuku anayafahamu haya tangu utoto wake na bibi yake aliyafahamu. Jirani akipita anasema, "Hicho ni kideri, mama, wahi uwauze waliobaki." Hakuna anayepiga simu popote, kwa kuwa hakuna habari mpya ya kutoa.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mafua makali ya ndege hufanana na mdondo mno. Kuku hufa ghafla, wengi kwa mara moja, wengine bila kuonyesha dalili yoyote. Mtaalamu atakuambia utazame upanga na ndevu kama zimegeuka rangi ya zambarau, kichwa kama kimevimba, miguu kama ina madoa ya damu chini ya ngozi. Ushauri mzuri, lakini mdondo mkali nao huweza kuleta uvimbe na damu, na hata daktari wa mifugo mwenye miaka mingi kazini hawezi kuapa kwa kutazama tu. Anayeweza kuapa ni mashine ya maabara. Kwa mikoa ya Kanda ya Ziwa sampuli ya kuku hupelekwa kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari kule Mwanza, na makao makuu ya wakala huo yako Temeke, Dar es Salaam. Sampuli iondoke kijijini, iwekwe kwenye baridi, isafiri, ifike ikiwa bado inafaa kupimwa. Kuku wenyewe huwa wameshaliwa siku ile ile waliyoanza kusinzia. Tusemezane ukweli: familia haiwezi kutupa nyama kwa sababu ya ugonjwa ambao imeula maisha yake yote na haujamdhuru mtu.

Na kweli, mdondo haumuui binadamu. Unaweza kumpa macho mekundu ya siku chache, basi. Mazoea ya miaka mingi ya kumchinja kuku mgonjwa, kumnyonyoa kwa mikono mitupu na kumwachia mtoto achezee manyoya yamejengwa juu ya ugonjwa mpole kwa watu. Siku ugonjwa mwingine ukija umevaa sura hiyohiyo, utakuta mikono haijabadilika.

Sasa tuangalie ramani. Ruvubu inayotoka Burundi na Nyabarongo inayotoka Rwanda hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo, wilayani Ngara, na kutoka hapo mto unaitwa Kagera. Ukishuka kaskazini unapita katika mabwawa na vinamasi vya mpaka wetu na Rwanda, kisha unageukia mashariki na kumwaga maji Ziwa Victoria. Mashariki ya Ngara lipo Ziwa Burigi, na mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliyounganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Kwa ndege wa majini nchi hii ni hoteli: kina kifupi, samaki, matete, utulivu. Wageni wa kutoka kaskazini huanza kuingia Septemba na Oktoba na kuondoka Machi na Aprili. Angalia kalenda hiyo vizuri, maana wageni hufika karibu na wakati uleule kijiji kinapozika kuku wake wa mdondo.

Bata wa porini ndiye mwenyeji wa asili wa virusi vya mafua. Aina nyingi humkaa tumboni bila kumuumiza, akizitoa kwa kinyesi majini, na katika maji ya baridi virusi huweza kuishi kwa wiki kadhaa. Kuku wa kienyeji hana haja ya kwenda ziwani kuvipata. Bata wa kufugwa anayeachiwa aogelee kwenye mfereji wa mpunga atavileta mwenyewe nyumbani jioni. Baada ya hapo kazi ya kuvisambaza si ya ndege tena. Ni yetu.

Biharamulo ina njia panda mbili ambazo kila dereva wa malori wa Afrika Mashariki anazijua, Lusahunga na Nyakanazi. Malori yanayotoka mipaka ya Rusumo na Kabanga, yakiwa yametoka kushusha mzigo Kigali na Bujumbura, hupita hapo yakielekea Kahama na Dar es Salaam. Ya Kigoma yanaingilia Nyakanazi. Ya Bukoba na Mwanza nayo yana mkono wake hapo. Benaco, ambayo mwaka 1994 ilikuwa kambi ya wakimbizi waliovuka daraja la Rusumo, watu kama robo milioni katika muda wa saa 24, leo ni mji wa madereva, nyumba za wageni na majiko ya kuku choma. Mchuuzi wa kuku anazunguka vijijini na baiskeli au bodaboda, anakusanya wawili hapa watano pale, anawajaza kwenye tenga, na jioni tenga linapanda juu ya basi. Kesho yake kuku wa vijiji kumi wako soko moja la mjini wakinyeana vichwani. Wale ambao hawakuuzwa hurudi. Tenga nalo hurudi, halijaoshwa.

Nigeria ilijifunza jambo hili mapema. Februari 2006 virusi vya H5N1 vilithibitishwa katika shamba moja kubwa jimbo la Kaduna, kwa mara ya kwanza barani Afrika, na ndani ya muda mfupi vilikuwa vimefika majimbo mengi. Biashara ya kuku hai ilivibeba kwa kasi ambayo hakuna bata wa porini angeiweza. Waliolaumiwa zaidi magazetini walikuwa ndege wahamao. Ndege hana msemaji.

Lakini msomaji huenda anasema: haya, kuku watakufa, sisi je?

Virusi vya mafua huingia kwenye chembe ya mwili kwa kushika vinyweleo vya sukari vilivyo juu ya chembe hiyo. Vya ndege huzoea sukari ya umbo fulani, ambayo kwa ndege imejaa tumboni na kwenye njia ya hewa. Mwanadamu naye anayo sukari ya umbo hilo, ila iko ndani kabisa ya mapafu, na kiasi fulani machoni. Puani na kooni mwetu kumetawala sukari ya umbo jingine. Kwa sababu hiyo mafua ya ndege humpata mtu kwa shida: inabidi avute virusi vingi na vizame chini, kama anavyoweza kuvuta mtu aliyeinamia beseni la maji ya moto akinyonyoa kuku mgonjwa. Vikishafika chini huko huwasha nimonia kali inayoua. Na kwa kuwa viko chini, mgonjwa akikohoa hatoi vingi vya kumwambukiza mwenzake. Tabia hiyohiyo moja ndiyo inayoufanya ugonjwa kuwa mkatili kwa mtu mmoja na dhaifu kwa umma.

Takwimu zinakubali. Tangu mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani limeandikisha zaidi ya watu 900 walioambukizwa H5N1 katika nchi 25, na karibu nusu yao walikufa. Bila shaka wako waliougua kidogo wakapona bila kupimwa, kwa hiyo kiwango halisi cha vifo ni cha chini kuliko hicho. Hata kikipunguzwa mara kumi bado kinatisha.

Nchi ya Afrika iliyoumia zaidi ni Misri. Huko waliandikishwa wagonjwa zaidi ya 350, na 120 hivi wakapoteza maisha. Hawakuwa hasa wafanyakazi wa mashamba makubwa. Wengi walikuwa kina mama na watoto wa nyumba zinazofuga kuku na bata wachache uani na darini, watu wanaolisha, wanaochinja na wanaosafisha. Mama wa Rulenge au wa Nyakahura akisoma habari za mama wa Misri hatakuta kitu kigeni ndani yake, isipokuwa dari.

Je, virusi vinaweza kubadilika vikazoea koo la binadamu? Vinaweza, na ndiyo sababu wanasayansi hawalali. Vinasaba vya virusi vya mafua vimegawanyika vipande vinane, na aina mbili zikikutana ndani ya chembe moja vipande hivyo huchanganyika kama karata na kugawiwa upya. Nguruwe ana sukari za maumbo yote mawili, hivyo ni mahali pazuri pa mkutano huo. Janga la mafua la mwaka 2009 lilitoka kwa nguruwe. Nani asiyejua kwamba kitimoto imeshamiri Kagera kama ilivyoshamiri kwingineko, na kwamba kuku hupekua chini ya banda la nguruwe kutafuta mabaki? Sitaki kumtisha mtu aache kitimoto yake. Nasema tu kwamba banda la kuku likisogezwa mbali na la nguruwe hakuna anayepata hasara.

Habari za karibuni kutoka nje zinatoa tahadhari nyingine. Vile virusi vya Lutembe vya 2017 ni vya ukoo uleule uliozaa H5N1 inayozunguka dunia sasa. Machi 2024 Marekani iligundua H5N1 ndani ya ng'ombe wa maziwa, jambo ambalo vitabu havikulitegemea, na katika mwaka uliofuata watu kama 70 waliambukizwa nchini humo, wengi wakiwa wafanyakazi wa mashamba waliopata macho mekundu na homa nyepesi. Januari 2025 alikufa mgonjwa wa kwanza wa huko, mtu mzima wa jimbo la Louisiana. Alikuwa na kuku wa nyuma ya nyumba.

Mwezi huohuo Biharamulo ilikuwa kwenye vyombo vya habari vya dunia nzima, ila kwa ugonjwa mwingine. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba kuna washukiwa wa Marburg mkoani Kagera. Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha ugonjwa. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akatangaza kwamba mgonjwa mmoja wa Biharamulo amethibitishwa, kwa kipimo cha maabara inayohamishika ya Kabaile kilichorudiwa Dar es Salaam. Mlipuko ulipotangazwa kuisha tarehe 13 Machi, hesabu ilikuwa watu kumi: wawili waliothibitishwa na wanane waliohesabiwa kuwa karibu hakika. Wote kumi walikufa. Miaka miwili kabla Bukoba Vijijini ilikuwa imepoteza watu sita kwa ugonjwa huohuo, na Septemba 2024 Rwanda ilikuwa imetangaza mlipuko wake.

Marburg hutoka kwa popo wala matunda, haihusiani na kuku. Nimeileta hapa kwa sababu ya mwendo wa siku zake. Wa kwanza kuugua alianza mwezi Desemba. Jina la ugonjwa lilipatikana Januari, watu wakiwa wameshazikwa. Na hii ilikuwa Kagera iliyokwisha kufundishwa na mlipuko wa 2023, yenye maabara mkoani na wahudumu wanaolijua jina la Marburg. Mtu akitokwa na damu kila mahali pana mtu wa kushtuka. Basi fikiria homa na kifua vinavyoanza kama malaria au nimonia ya kawaida, kwa mama ambaye wiki iliyopita alichinja kuku waliosinzia. Mganga wa zahanati atamuuliza kuhusu chandarua. Swali la kuku halimo kwenye fomu yake, na likimtoka kinywani, mama atajibu kwamba kuku wake walikufa kwa kideri.

Serikali inalifahamu pengo hili. Dawati la Afya Moja liliwekwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu mwaka 2018, kazi yake ikiwa kuwaketisha pamoja daktari wa watu, daktari wa mifugo na mtu wa wanyamapori. Dodoma wanaketi. Kwenye kata, kwa ninavyoona, mganga wa zahanati na afisa mifugo hukutana msibani na kwenye vikao vya mwenge. Afisa mifugo mmoja ana vijiji kadhaa na pikipiki isiyo na mafuta. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya 2003 inamtaka mwenye mifugo atoe taarifa ya ugonjwa. Mwenye kuku naye ana hesabu zake. Akitoa taarifa na ikawa kweli, banda litateketezwa, na la jirani pia. Hong Kong mwaka 1997, baada ya watu 18 kuugua na 6 kufa, ilichinja kuku wake wote, zaidi ya milioni 1 katika siku chache, na ugonjwa ukazimika. Hong Kong ilikuwa na fedha za kuwafidia. Kumwambia mama wa Ngara aliyeweka ada ya shule ya mtoto kwenye kuku kumi na wawili kwamba atoe taarifa kwa uzalendo ni kumwomba alipie usalama wa nchi peke yake. Fidia itangazwe kabla ya ugonjwa, kwa kiasi kinachojulikana, la sivyo tutaendelea kusikia kwamba kuku wako salama.

Na bado kuna kazi moja isiyohitaji kusubiri fidia wala maabara mpya. Mdondo una chanjo, na si ya anasa. Ile ya I-2, inayotokana na kazi ya Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ilichaguliwa kwa makusudi kwa ajili ya vijiji visivyo na friji. Inastahimili joto, inatengenezwa hapa nchini, na ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Juni 2025, kule Bariadi, Rais alizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo ambayo kwa kuku ni bure.

Watu huiona chanjo hii kama jambo la kitoweo na mtaji, na kwa hilo peke yake inastahili. Kwangu mimi ina thamani nyingine ambayo sijaisikia ikitajwa majukwaani. Kijiji kilichochanjwa mdondo ni kijiji ambamo kifo cha kuku wengi kwa pamoja hakina tena maelezo rahisi. Kuku waliochanjwa kwa wakati wakifa kumi kwa siku mbili, hata yule jirani hatasema kideri. Atauliza ni nini hiki. Swali hilo ndilo king'ora chetu, na ni rahisi kuliko mashine yoyote tunayoweza kuagiza. Ila mfugaji asichanganye: chanjo ya mafua ya kuku, ule ugonjwa wa bakteria unaovimbisha uso na kutoa makamasi yanayonuka, haimkingi kuku na mafua ya ndege.

Kwa hiyo ukiwa na kuku Ngara, Biharamulo au popote penye maji na matete, chanja mdondo kabla ya Septemba na andika tarehe ukutani. Kuku waliochanjwa wakifa kwa pamoja, usiwauze, usiwanyonyoe, usiwatupe mtoni. Funga kitambaa puani, vaa mifuko ya plastiki mikononi, wafukie chini kabisa baada ya afisa mifugo kuchukua sampuli, na osha mikono kwa sabuni. Nyama na mayai ya kuku wazima yakiiva sawasawa hayana neno. Mtu wa nyumbani akishikwa na homa na kifua ndani ya siku kumi baada ya hapo, mpeleke zahanati mapema, kwa kuwa dawa ya oseltamivir husaidia zaidi ikianzwa ndani ya siku mbili za kwanza, au piga 199, simu ya bure. Na ufikapo mbele ya mganga, usisubiri akuulize. Anza na habari za kuku.